Mkeka wa Bi Zaina

Unguja, Jumanne baada ya alasiri

Kwa mdogo wangu Mwanaidi,

Kabla hujaendelea na mstari wa pili, mfikishie Mama shikamoo yangu. Marahaba yake nishaisikia huku, kwa hivyo usipoteze wino kuiandika. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, nakwenda kazini. Moyo ndio haujatulia, na sababu utaijua ukiendelea kusoma. Barua hii isome kwanza peke yako, chumbani, kisha ndipo umsomee Mama. Ukifika kwenye mambo ya mashine punguza, ukifika kwenye salamu ongeza.

Mguu wake unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomletea anaitumia, au ameiweka juu ya kabati na kusema anaitunza? Na paa la jikoni, mvua hizi zimelionaje? Na huyo Omari wako, bado anavaa kofia kubwa kuliko kichwa chake? Mwambie siku ya nikaha avae ya kwake, asivae ya babake.

Barua yako niliipata siku ya pili ya Idd, na nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Umeniandikia, "Kaka, usipokuja wewe kuniozesha, mimi sitoki ndani, na shehe arudi kwake na kitabu chake." Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nakujua. Na najua unaikumbuka kama ninavyoikumbuka mimi siku ile Baba alipokuwa kitandani, alipouchukua mkono wako akautia ndani ya wangu, akasema nisiutoe ila kwa mtu ninayemjua, na niutoe mwenyewe. Wewe ulikuwa mtoto, ulilia sana, na mpaka leo unashikilia kwamba ulikuwa unalia njaa.

Mwanaidi, siji. Neno hilo nimeliandika kwenye karatasi tatu nikazichana zote, na hii ya nne nimeamua kuiacha ilivyo. Nisikilize nikueleze mambo yalivyokwenda, kisha unikasirikie ukijua unakasirikia nini.

Unajua kazi yangu hapa ni kutengeneza majokofu na mashine za baridi za maofisini. Nakaa Ng'ambo, upande wa Amani, na kila asubuhi naingia mjini kwa baiskeli. Idara yetu iko katika jumba la zamani linalotazama bahari, si mbali na Forodhani. Ghorofa ya pili kuna chumba cha mikutano chenye mashine moja ya baridi, ya zile zinazopachikwa dirishani. Uso wake uko chumbani unapuliza baridi, na mgongo wake umetokeza nje, kwenye roshani, unatoa joto. Hilo la mgongo kutoa joto lishike, maana tutalirudia.

Katikati ya Ramadhani mashine ikakataa kuwaka. Feni yake ilizunguka vizuri, lakini kompresa, yaani ule moyo wa chuma unaosukuma gesi, ilikuwa inaguna tu. Inaguna kwa muda wa mtu kusoma Kulhuwallahu mara moja, kisha inasema "tak!" na kunyamaza. Ukingoja ipoe, inaguna tena, na "tak!" tena. Ile "tak" ni kidude kinachokata umeme kompresa isije ikaungua. Siku nzima nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, nimefunga, koo limekauka, nasikiliza chuma kinanigunia.

Katika ofisi yetu yuko mama mmoja anaitwa Bi Zaina. Ni mjane, mtu wa Makunduchi, anafagia na kupika chai, na nyumbani analea wajukuu watatu. Yeye ni kibarua wa siku kwa siku. Akiambiwa kesho usije, ndiyo basi. Kazi zikiisha hukaa roshani, pale pale kwenye mgongo wa mashine, akasuka ukili wa mikeka. Nyumba yake iko njiani kwangu, na Ramadhani yote futari yangu ilitoka mkononi mwake. Jua likikaribia kuzama napita na baiskeli yangu, nakuta bakuli langu limefunikwa kawa, leo muhogo wa nazi, kesho ndizi, na hataki asante. Ukimshukuru sana anakuuliza kama kwenu hamlishani.

Basi kila asubuhi alikuwa ananitania.

"Fundi, mgonjwa wako leo kaamkaje?"

"Kaguna kidogo, Bi Zaina, kisha kalala."

"Masikini. Mie nakwambia huyu kapigwa na upepo wa bahari. Hebu mtazame mgongo ulivyoliwa."

"Kweli, upepo wa chumvi ndio uliommaliza," nikamjibu.

Neno hilo nililitamka mimi, kwa ulimi wangu mwenyewe, kwa mzaha tu. Sasa nalijutia.

Nilipima umeme wa ukutani, ukawa mzima. Nikapima nyaya, nazo nzima. Nikafungua ubavuni, nikaikuta kapasita imevimba tumbo. Kapasita ni kijikopo kidogo, kazi yake kuipa kompresa nguvu ya ile hatua ya kwanza. Kikifa, kompresa inataka kuondoka na haiwezi. Nilifurahi, maana ugonjwa ukishajulikana ni nusu ya kazi. Furaha ikaisha nilipozunguka mji mzima, duka kwa duka, mpaka kwa yule Mhindi mzee wa redio anayeweka hata misumari iliyopinda. Akaitia kapasita yangu mkononi, akaipima uzito, akanirudishia. "Hii hapa hupati, Bwana," akasema. "Dar es Salaam zipo tele."

Nikaenda kwa mkuu wetu, Mzee Khatibu. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Nikamwambia dawa ya mashine iko Dar es Salaam, anipe ruhusa ya wiki mbili baada ya Idd, niende nikainunue, nipite na nyumbani Pangani nimwozeshe dada yangu, kisha nirudi. Akavua miwani, akanitazama.

"Fundi alokuwepo kabla yako alinambia mamake hajiwezi, anataka siku tatu. Siku tatu hizo sasa zinaingia mwaka wa pili. N'kikuachia na wewe ukenda, hapa ntabaki na nani?"

"Mimi nitarudi, Mzee."

"Na yeye alisema hivyo hivyo. Sikiliza, mwanangu. Jumatatu ya baada ya Idd n'na wageni wakubwa kile chumba. Mashine iwake, siku hiyo hiyo ntakutilia saini uende zako. Itawaka?"

Unaona nilivyobanwa? Mashine haiwaki mpaka niende Dar es Salaam, na siendi Dar es Salaam mpaka mashine iwake. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, "Mzee, sijui." Lakini mtu wa umri wa Baba amekukazia macho anangoja, utamwambia sijui? Nikasema, "Inshallah, Mzee." Akaandika kwenye daftari lake kwamba fundi amekubali. Nami jioni ile nikakuandikia wewe inshallah nyingine. Nikawa nimejifunga kwa watu wawili kwa sababu ya kuona haya.

Nikarudi stoo. Huko chini kuna mashine mbovu zimerundikwa, zimejaa kinyesi cha popo, na siku nne nilikuwa nazifungua moja moja. Katika ya mwisho kabisa nikapata kapasita nzima, ndogo kidogo kuliko ile inayotakiwa. Kwa pupa nikaishika kabla sijaitoa umeme wa kupimia niliokuwa nimeutia. Ikanirusha chini, mkono wa kulia ukafa ganzi mpaka alasiri. Bi Zaina alinichua kwa mafuta ya karafuu huku ananisomea na kunitukana kwa zamu.

Siku mbili kabla ya Idd niliifunga ile kapasita. Nikaigonga kompresa taratibu kwa nyundo ya mti ili iachie, nikawasha. Ikaguna, ikatetemeka, ikaondoka! Mwanaidi, nililia. Mtu mzima na ndevu zangu nilikaa kwenye sakafu nikalia, baridi inanipiga usoni, nikauona mkono wako na mkono wa Omari kama niko nao hapo hapo.

Jumamosi ya baada ya Idd Mzee Khatibu aliingia chumbani, akasimama mbele ya mashine, akafumba macho. Karatasi yangu ya ruhusa akaitia saini palepale, akasema itakaa mezani kwake mpaka wageni waje na kuondoka. Akaamrisha mashine isizimwe mpaka Jumatatu, chumba kipoe barabara. Mimi nikashuka mbio kwenda kupanga foleni ya kibali cha kusafiri. Kwenye ngazi nikakutana na Bi Zaina na ndoo yake.

"Mgonjwa kapona, Bi Zaina!"

"Alhamdulillahi. Lakini mtu aloinuka sasa hivi hafai kupigwa na upepo. Shauri yako."

Nikacheka, nikaenda zangu. Ningesimama pale dakika moja tu nikamuuliza ana maana gani, leo nisingekuwa naandika, ningekuwa nafunga sanduku.

Jumatatu nilifika mapema. Kwenye ngazi nikasikia harufu ya kitu kilichoungua, harufu ya rangi na mafuta, nikapanda mbio. Feni inazunguka, kompresa kimya, chumba moto. Nikatoka roshani. Mgongo wa mashine ulikuwa umefunikwa mkeka. Mkeka mpya wa ukindu, mwekundu na zambarau, haujakaliwa na mtu, umezungushwa pande zote, umefungwa kamba, ncha zimepenyezwa ndani vizuri, kama anavyofunikwa mtoto mwenye homa. Hapakuwa na haja ya kuuliza ni wa nani, kwa sababu nilimwona akiusuka tangu mwezi wa Shaabani.

Amemfunika mgonjwa wangu asipigwe na upepo wa chumvi, ule niliosema mwenyewe kwamba ndio uliommaliza. Na mashine ya baridi inaishi kwa kutupa joto nje kwa mgongo wake. Ukiuziba mgongo, joto linairudia lenyewe. Siku mbili mchana na usiku, kompresa ilikuwa inapata moto, inakatika, inapoa kidogo, inajaribu tena, inakatika tena, mpaka ikaungua ndani. Niligusisha mita kwenye nyaya zake na kwenye mwili wake, mshale ukalala. Mshale ukilala hivyo, ndani kumeshaungana, na hakuna fundi wa kukifungua kile chuma. Inatakiwa kompresa mpya, inayoagizwa ng'ambo ya bahari, na huo ni mwendo wa miezi.

Bi Zaina alikuwa ameshuka sokoni kutafuta maziwa ya chai ya wageni. Ofisini hajafika mtu. Nikafungua kamba zile, nikaukunja mkeka, nikauficha stoo nyuma ya mafagio. Sikufikiri, mikono ilifanya yenyewe.

Mzee Khatibu alipokuja hakupiga kelele. Alinusa, akaweka kiganja kwenye mashine, akaniuliza, "Nani kaigusa hii?"

"Mimi, Mzee."

"Na nani mwengine?"

"Hakuna mwengine. Kapasita niliyoitia ilikuwa ndogo."

Uongo wa kifundi ni mwepisi, kwa sababu asiyejua hawezi kuupima. Akaingia chumbani kwake, nikamwona akiitoa ile karatasi yangu, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mtoto wa meza. "Basi utakaa nayo mpaka iwake," akasema. Alikuwa amehuzunika zaidi kuliko kukasirika, na mimi ningependa angekasirika.

Sasa sikia kichekesho. Wageni wakaja, na suti zao nzito, wakaketi kwenye joto lile. Bi Zaina akaenda nyumbani kwake mbio, akarudi na vipepeo vya ukindu alivyosuka mwenyewe, akampa kila mgeni kimoja. Wakafurahi kama watoto. Wakapepeana, wakapigana picha, na walipoondoka wakaomba wavichukue. Mashine hakuiulizia hata mtu mmoja. Kumbe roho yangu ilikuwa juu mwezi mzima kwa kitu ambacho wenyewe hawakukitaka. Nikadhani Mzee Khatibu atalainika, nikaenda kumwomba tena. Akaniambia amri yake haijabadilika.

Leo adhuhuri nimekaa roshani na ile mashine iliyokufa. Bi Zaina akaja akaketi, akanyoosha miguu.

"Mwanangu, nilimfunika mgonjwa wako kwa mkeka wangu ule mpya. Ulimfaa?"

"Ulimfaa, Bi Zaina. Sana."

"Basi mbona kafa?"

"Siku yake imefika."

Akatikisa kichwa. "Haya. Angalau hakufa na upepo mwilini." Kisha akauliza, "Na safari yako lini? Si unakwenda kumwozesha dadako?"

"Kazi zimezidi. Hawakunipa ruhusa."

Akasonya mpaka njiwa wa dirisha la pili wakaruka. "Wakubwa wa kazi hawa hawana huruma hata chembe!" akasema. Nikamuitikia kwamba kweli, hawana.

Sasa unajua. Ningefungua mdomo Jumatatu ile, ningesema, "Mzee, si mimi, ni mkeka huu hapa," Ijumaa ya wiki ijayo ningekuwa mbele ya Omari, mkono wake ndani ya wangu. Na Bi Zaina angekuwa nyumbani na wajukuu watatu, hana kazi, kwa kosa la kumhurumia mgonjwa wangu. Nimelipindua jambo hili kila upande na sioni njia. Kuna wakati nasema nimefanya vyema, na kuna wakati nasema nimemuuza dada yangu kwa bakuli la muhogo. Najiona sina nguvu hata ya kuinua kichwa. Baba aliniachia jambo moja tu, na limenishinda.

Kwa hivyo mpe Baba Mdogo maneno haya, ayasome mbele ya shehe: Mimi Rajabu bin Athumani, kwa hiari yangu, namfanya baba yangu mdogo Shabani kuwa wakili wangu, amuozeshe dada yangu Mwanaidi binti Athumani kwa Omari bin Kombo, kwa mahari mliyokubaliana, na atakalolifunga yeye nimelifunga mimi. Majirani zangu wawili wameshuhudia na kutia saini zao hapa chini ya ukurasa. Wewe nakuomba utoke ndani. Usimrudishe shehe na kitabu chake. Ukibaki ndani nitakuwa nimekosa kwa watu wawili, Baba wa kwanza na wewe wa pili.

Nisalimie Baba Mdogo, umwambie asimminye Omari vidole. Nisalimie Shangazi, mwenye kuimba harusini kabla hajaombwa, aimbe na sehemu yangu. Mjomba wa Bweni mwambie samaki wa karamu asinunue peke yake, macho yake hayaoni tena. Bibi mbusie mikono yote miwili. Omari mwambie simjui kwa ubaya hata mmoja, na ndiyo maana nimekubali.

Anayekuletea barua hii ni jirani yangu seremala, anarudi kwao Tanga. Mpeni chakula ashibe, maana amebeba na mzigo wako, umefungwa kwa gazeti na kamba. Ni mkeka. Nimeutoa stoo nimrudishie Bi Zaina, amekataa kuurudisha ndani kwake, amesema umeshatoka kwa kheri, uende kwa bibi harusi. Siku ya nikaha mtandikeni huo, Baba Mdogo na Omari waketi juu yake wakishikana mikono. Utaona pembe moja ukindu umekauka na rangi imepauka kwa joto. Mtu akikuuliza, mwambie umekuja hivyo. Na pale palipopauka, Mwanaidi, asikae mtu yeyote. Nimepashika mimi.

Kaka yako,
Rajabu